Stima Iliyopita kwa Kaka Mkubwa

Asubuhi niliyotoka Suam sikuwa nimepanga kwenda popote. Nilikuwa nimebeba magunia pale mpakani kwa misimu kadhaa, nikiwajua wafanyabiashara kwa viatu vyao, maana mtu mwenye gunia kichwani haoni nyuso. Siku hiyo ukungu ulikuwa bado umeufunika mlima, na lori la mahindi lilikuwa likipasha injini moto kando ya barabara. Nikamwuliza dereva anakoenda.

"Kitale."

"Kuna nini huko?"

"Kuna Kitale," akasema. Niliona jibu hilo linatosha, nikapanda juu ya magunia na koti langu.

Ninyi vijana mmeniomba niandike kazi yangu ilivyokuwa kabla sijasahau, kana kwamba mnaniona nikisahau. Haya, naandika. Nimeweka koleo chini kwa sababu macho yangu yameanza kuona waya mweusi na wa kahawia kuwa kitu kimoja, na fundi wa stima asiyejua tofauti hiyo hahitaji kustaafishwa na mtu. Stima yenyewe itamstaafisha. Kuhusu mshahara na vyeo sitaandika lolote. Hadithi fupi kiasi hicho huudhi msomaji.

Shule niliiacha mapema, na sababu ilikuwa maswali. Mwalimu akisema maji huchemka, mimi nilitaka kuiona sufuria. Baba yangu, huko upande wa Kimilili, alisema mtoto wa aina hiyo ama atakuwa mtu mkubwa ama atachoka sana. Nimechoka sana.

Lori lilipata pancha Kibomet, kabla ya kuingia mjini Kitale. Dereva alipokuwa akitafuta jeki, nilimwona mzee mmoja mwembamba juu ya ngazi, akiufunga waya chini ya paa la duka. Ngazi ilikuwa ikitikisika. Akanitazama.

"Wewe wa lori, unafanya nini hapo?"

"Nangoja gurudumu."

"Ngojea ukiwa umeshika hii ngazi."

Nikaishika. Lori liliondoka, mimi nikabaki nimeshika ngazi, na kwa namna fulani sikuiachilia kwa miaka mingi. Mzee huyo alikuwa Njuguna. Wazazi wake walitoka Murang'a wakaja kulima Trans-Nzoia, lakini yeye jembe lilimkataa. Alikuwa na kiduka cha balbu, swichi na nyaya, na kwa sababu watu waliokuja kununua swichi hawakujua kuifunga, akawa fundi. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili. Stima ilikuwa inaanza kutambaa kutoka mjini kwenda mashambani, na ilitangulia kufika kabla ya watu kujua tabia zake.

Siku yangu ya kwanza kazini alinipa mfuko wa turubai akaniambia nitaje kilichomo. Testa yenye kijitaa kinachowaka ikigusa stima, koleo mbili zenye vishikio vya mpira, bisibisi, tepu nyeusi, mshumaa, na kipande cha ubao wa kitanda. Nikauliza ubao ni wa nini.

"Wa kusimamia. Ukiwa juu ya ubao mkavu, stima inakuona wewe ni mti."

"Na mshumaa?"

"Unadhani tutaona na nini tukizima? Na macho ya paka?"

Hakumwamini mtu yeyote aliyesema, "Nimezima." Alikwenda mwenyewe kwenye kisanduku, akachomoa fyuzi, akaitia mfukoni mwake. "Fyuzi ikiwa mfukoni mwangu," alisema, "hakuna mtoto atakayewasha taa akitafuta kiatu cha shule." Halafu, hata baada ya hapo, aligusa kila waya kwa testa kabla ya kuushika. Nilimwuliza kwa nini anajisumbua wakati fyuzi iko mfukoni. Akasema Kibomet yote ni ndugu, na ndugu hupeana stima kupitia ukutani bila kumwambia mwenye mita. Wiki ileile tulikuta nyumba iliyokuwa na giza upande wetu, lakini jikoni kwake kulikuwa kukiwaka stima ya jirani.

Kazi nyingi za Kibomet zilikuwa kwenye ploti za kupangisha, vyumba vimejipanga kama meno na mita ni moja. Mwenye ploti mmoja, mtu mcha Mungu mwenye tumbo la heshima, alituita kwa sababu ukuta wa chumba cha mwisho ulikuwa unanuka. Alituonyesha kisanduku chake kwa fahari. Mahali pa fyuzi alikuwa ameweka msumari.

"Fyuzi ilikuwa inakatika kila jioni," akasema. "Sasa stima haipotei kabisa."

"Hongera," Njuguna akamwambia. "Umemfukuza mlinzi kwa sababu alikuwa anapiga kelele akiona mwizi."

Tukapita chumba kwa chumba. Mwenye ploti alikuwa amekataza koili, lile jiko dogo la stima lenye waya unaowaka kama mkaa, kwa hiyo bila shaka hakuna aliyekuwa nayo. Katika chumba cha mwisho mama mmoja alisimama mbele ya kitanda kama kipa. Kutoka chini ya kitanda kulikuja mvumo, na harufu nzuri.

"Hiyo ni nini inalia?" Njuguna akauliza.

"Ni redio, mzee."

"Redio yako inanuka maharagwe."

"Ni ya zamani," mama akasema bila kupepesa macho.

Njuguna hakumcheka. Alichukua mkono wangu akauweka ukutani, mahali waya ulipopita ndani ya plasta. Ukuta ulikuwa na joto kama paji la uso la mtoto mwenye malaria. Kisha akamtoa mwenye ploti nje, akamwambia maneno ambayo nimeyarudia katika nyumba nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka: ukimkataza mtu jambo atakalolifanya hata hivyo, unamfundisha tu kulificha chini ya kitanda, na chini ya kitanda ndipo nyumba huanzia kuungua. Tulivuta waya mnene wa kutosha hadi pembe moja ya ua, tukafunga soketi za kupikia hapo penye hewa na macho ya watu, na tukarudisha fyuzi halisi. Mwenye ploti aliuomba msumari wake. Alirudishiwa.

Kanuni nyingine ya Njuguna ilikuwa hii: mwenye nyumba anajua mita iko wapi, lakini anayefua na kupika ndiye anayejua stima iko wapi. Basi uliza jikoni kwanza. Nasema hivyo kwa sababu nawaona ninyi siku hizi mkifika mahali mnampa mkono baba wa nyumba, mnapiga picha kisanduku kwa simu, na mama amesimama pale na kidole chake kilichoungua anangoja zamu ambayo haiji.

Na sasa nifike Ndalu, maana ndiyo kazi mnayoniuliza mara nyingi, na kila mmoja wenu ameisikia vibaya.

Kijana mmoja alikuja dukani Kibomet asubuhi, akasimama bila kununua kitu. Shati lake lilikuwa limefuliwa na mtu asiyejua kufua, kola bado ina weusi.

"Unataka nini?" Njuguna akamwuliza.

"Nataka fundi."

"Wa kufanya nini?"

"Wa kuongea na mama mkwe."

Njuguna akaweka chini kikombe chake. Akasema kazi hiyo hajawahi kuiona kwenye mtaala, lakini aketi aeleze.

Jina lake lilikuwa Barasa. Alikaa Ndalu, nyumbani kwa baba yake Mzee Situma, mkulima wa mahindi. Mkewe Nekesa alikuwa amerudi kwao Bungoma na mtoto anayenyonya, akisema kamba ya kuanikia nguo inamrusha. Watu kadhaa wa boma walikuwa wameishika ile kamba, na haikumrusha mtu. Shemasi wa kanisa alikuja akaishika. Hakuna kitu. Basi likatoka neno kwamba Nekesa ni mvivu wa kufua, kisha likatoka jingine baya zaidi, kwamba ana mambo yake huko mjini. Wazee walikuwa wamepeleka ujumbe: asiporudi kabla ya mavuno, abaki hukohuko. Naye Nekesa alikuwa ametuma jibu moja tu. Hatarudi na mtoto kwenye kamba ile mpaka mtu asiye wa ukoo wao aje kumwambia kwa mdomo wake kwamba imekufa.

"Na wewe unamwamini?" nikamwuliza.

Barasa akatazama kola yake. "Mimi nimeishika hiyo kamba mara nyingi, bana. Sijapigwa." Akaisugua kola kwa kidole gumba. "Lakini Nekesa hajui kudanganya. Hata nikimuuliza kama ugali imeiva, anasema hapana."

Njuguna akanielekezea kidole. "Mchukue huyu. Anaongea hata na nguzo za stima."

Tulifika Ndalu mahindi yakiwa marefu kuliko sisi. Boma lilikuwa zuri. Nyumba kubwa ya Mzee Situma ndiyo ilikuwa na mita. Mbele yake zilikuwa simba mbili, kama tunavyoziita kwetu zile nyumba ambazo wana hujijengea wakishabalehe. Hizi wenyewe walikuwa wamezipanua walipooa, kuta za udongo, paa za mabati. Ya kwanza ilikuwa ya Wafula, mzaliwa wa kwanza, ambaye mkewe alikuwa mwalimu mbali na alikuja siku chache tu. Ya pili ilikuwa ya Barasa. Kati ya simba hizo mbili ilivutwa kamba ya nguo, nayo ilikuwa waya wa chuma, mwisho mmoja umeshikizwa kwenye msumari wa paa la Wafula.

Mzee Situma alinipokea kwa chai na dharau kidogo.

"Fundi, wewe ni wa kwa nani?"

Nikamtajia baba yangu na ukoo wetu.

"Aa. Hao wanajua kusema sana."

"Ndiyo, Papa," nikasema, kama tunavyowaita baba zetu. "Ndiyo maana nimeitwa."

Alicheka. Nikamwomba anionyeshe kamba. Akanitazama kama mtu aliyesikia tusi, kisha akakumbuka kwamba mimi ni mgeni wa mambo ya boma lake. "Hiyo ni mahali pa mke wa mwanangu," akasema. "Mimi nisimame penye anaanika nguo zake? Nitakuwa mtu wa namna gani?" Heshima ya mkwe kwetu ni jambo zito. Baba mkwe haingii nyumba ya mke wa mwanawe, wala hazunguki penye sabuni na maji yake. Kwa hiyo mkubwa wa boma, mwenye mita, hakuwahi kufika karibu na mahali ambapo stima yake ilikuwa inauma. Mama yao naye alianika nguo zake nyuma ya nyumba kubwa. Alibaki Wafula kuwa shahidi mkuu.

Wafula alikuwa mtu mpana, mwenye sauti ya kuongoza maombi. Alikuwa anachaji betri za magari, zile ambazo watu wasio na stima walizitumia kuwashia televisheni, na simu za soko zima. Alitoka nje akasimama chini ya kamba.

"Fundi, ona mwenyewe." Akaishika kwa mikono miwili, akaning'inia kidogo mpaka paa likalalamika. "Imenirusha? Stima ya hapa inachagua mtu?"

"Wakati mwingine inachagua," nikasema. Nikagusa kamba kwa testa. Haikuwaka.

"Si nilisema," Wafula akamwambia mdogo wake.

Hapo fundi mwenye haraka angefunga mfuko wake. Mimi nilikaa, kwa sababu sikuwa na mahali pa kwenda, na kwa sababu nilitaka kuiona sufuria. Nilifuata waya wa stima kutoka kwenye mita. Ulitoka nyumba kubwa ukaingia kwa Wafula, na kutoka kwa Wafula ukaenda kwa Barasa. Ulikuwa waya mwembamba wa kufungia taa tu, usio na ule wa kijani wa kupeleka stima ardhini. Ulifungwa kwa katani kando ya kamba ya nguo ili usilegee.

"Kwa nini haukutoka kwa mzee moja kwa moja hadi kwa Barasa?" nikauliza. "Kutoka kule ni karibu zaidi."

Wote wawili walinishangaa. Barasa ndiye aliyejibu, kwa upole, kama anayemfundisha mtoto. "Mimi ni mdogo. Nitapata taa kutoka kwa baba, nipite mlango wa kaka?"

Nimefanya kazi kwa Wakristo na wasio Wakristo, kwa walimu na kwa wauza pombe, na sijapata kuona tena stima iliyofungwa kwa kufuata kuzaliwa. Mdogo haoi kabla ya mkubwa, hajengi kabla ya mkubwa, basi na stima isimfikie kabla haijamsalimia mkubwa. Walifanya kwa nia njema. Wafula hata aliweka swichi kubwa ndani kwake ili kuzilinda nyumba zote mbili. Kwenye fyuzi ya nyumba kubwa, ambayo ilikuwa inalalamikia betri zake, alikuwa amesokota waya mnene. Nikamwuliza ile swichi anaizima lini.

"Kila nikitoka nje. Mimi siachi stima ikiwaka bure, ati ikule pesa na mimi niko shamba."

"Kila ukitoka?"

"Kila nikitoka. Hata sasa nimezima."

Nikamtazama Barasa. Barasa akamtazama kaka yake. Nadhani aliona kabla yangu, lakini mdogo haoni kabla ya mkubwa, kwa hiyo alinyamaza.

"Wafula," nikasema, "ingia ndani ufanye kazi yako ya kila asubuhi. Washa, funga betri zako. Usitoke mpaka nikuite."

Akaingia. Tukasikia swichi ikigonga. Nikamwambia Barasa asisogee, nikasimama mwenyewe juu ya ubao wa kitanda na kuigusa kamba kwa testa. Kijitaa kikawaka, chekundu na kitulivu.

Barasa aliketi chini, penye jiwe la kufulia.

Sasa mnajua. Chini ya ukingo wa paa la Wafula, mahali waya ulipotoka kwenda kwa Barasa, upepo ulikuwa umeusugua kwenye bati mpaka ngozi yake ikaisha. Bati likawa na stima, na msumari, na kamba. Ukuta wa udongo mkavu haupelekei stima ardhini vya kutosha, kwa hiyo hata fyuzi nzima huenda isingejua, sembuse ile ya waya mnene. Stima ilikaa pale ikingoja mtu wa kuisindikiza chini. Nekesa alianika nguo asubuhi na mapema, peku kwenye majani yenye umande, mikono imelowa, wakati ambapo Wafula alikuwa ndani akifunga betri. Watu walipokuja kupima, Wafula naye alitoka kuwaonyesha, na kwa kuwa alitoka, alizima. Kila mara. Shemasi aliishika kamba iliyokufa, akaenda kuomba kwa ajili ya mwanamke aliye hai.

"Wafula," nikaita, "usizime. Toka hivyohivyo."

Akatoka. Nikamwonyesha testa kwenye kamba. Akaikazia macho.

"Haya, shika kama ulivyoshika," nikamwambia. "Vua viatu, kama Nekesa."

Aliinua mkono. Ulifika karibu na kifua chake ukasimama. Akaangalia kamba, akaangalia ndugu yake aliyeketi penye jiwe la kufulia, akautia mkono wake mfukoni.

"Nina betri za watu," akasema.

Aliingia ndani. Tulisikia swichi, kisha tukamwona akitoka na kwenda nyumba kubwa, na aliporudi alikuwa na ile fyuzi ya waya mnene mkononi. Akanipa. Sikuwa nimemfundisha hilo, la kuchomoa fyuzi na kuiondoa kabisa. Watu wakiogopa sawasawa hujifundisha.

"Mke wako alisema tangu lini?" akamwuliza Barasa.

"Tangu mvua za kupanda."

Wafula akatikisa kichwa mara nyingi. Kisha akanigeukia mimi, si ndugu yake. "Ukifika kwao, mwambie nilikataa kushika. Mwambie hivyo tu."

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi. Ugumu ulikuwa kwenye kikao. Nilitaka kila nyumba ipate waya wake kutoka nyumba kubwa, mnene, wenye ule wa kijani, kupitia kisanduku chenye breka ya kila nyumba, ile swichi inayojizima mzigo ukizidi, na swichi moja kuu inayokatika yenyewe stima ikianza kuvuja. Mzee Situma alikubali upande wa usalama. Wafula alikubali upande wa usalama. Lakini chai ilipoa bila mtu kuigusa, mpaka Wafula akasema, "Na mimi hapo nitakuwa nani?"

"Utakuwa breka ya kwanza," nikasema. "Upande wa kushoto, juu kabisa. Barasa anakufuata."

Wafula alifikiri. "Kushoto ndiyo mwanzo?"

"Hata vitabu vinaanzia kushoto."

"Basi ni sawa," akasema, na Mzee Situma akafunga kikao kwa kusema kwamba kila mwana ana mlango wake kwa baba, na kwamba yeye alikuwa anataka kusema hivyo tangu mwanzo. Aliuza mahindi ya ghalani kabla bei haijapanda ili anunue vile vifaa, na alinikumbusha hivyo kila nilipoomba chai ya pili.

Tulipigilia fimbo ya shaba ardhini kwenye kila nyumba. Waya wa stima tuliupandisha juu ya nguzo zake wenyewe, mbali na bati. Kamba ya chuma niliikata vipande. Mahali pake tukasimamisha miti miwili katikati ya ua, mbali na paa lolote, na kufunga kamba ya katani. Stima ilipowashwa, Mzee Situma alisimama mbali, kwenye zizi, akaweka mkono kinywani.

"Fundi! Iko namna gani? Mimi siwezi kufika hapo."

"Iko vizuri, Papa."

"Umeshika?"

"Nimeshika. Peku. Na nimemwaga maji."

"Na Wafula yuko wapi?"

"Ndani. Amewasha."

Akainua kofia yake, akarudi kwa ng'ombe.

Ilibaki ile kazi niliyoitiwa. Barasa alinisindikiza hadi Bungoma, karibu na Kanduyi, nyumbani kwa mama mkwe wake Selina, mjane wa karani wa serikali aliyemwachia vyumba vichache vya kupangisha. Lakini Barasa hakuingia. Mkwe haingii tu kwa mama mkwe kama anaingia dukani, tena mkwe mwenye kesi. Alisimama nje ya lango akiwa ameupa ua mgongo, akisoma tangazo la mkutano wa injili uliokwisha pita.

Mama Selina alinikagua kuanzia viatuni. "Wewe ndiye yule wametuma?"

"Ndiyo, Mama."

"Ni wa ukoo wao?"

"Hapana."

"Umekunywa chai yao?"

"Nyingi."

"Basi wewe ni nusu yao. Keti hapo."

Nekesa alikuwa nyuma, akianika nepi kwenye kamba ya nailoni, mtoto amefungwa mgongoni. Hakuja kuketi. Aliendelea kuanika huku akiniuliza maswali, na kila swali lilikuwa fupi.

"Ilikuwa na stima, ama haikuwa?"

"Ilikuwa nayo. Wafula akiwa ndani. Akitoka alikuwa anazima."

Mikono yake ikasimama hewani na nepi. Nilimwona akizirudia asubuhi zote zile kichwani.

"Na sasa?"

"Waya ule umetolewa. Kila nyumba ina wake. Hata ikivuja mahali, swichi inakatika kabla hujasema kitu. Kamba yako ni ya katani, iko kwa miti yake."

"Wewe umeishika?"

"Peku, na maji."

"Wafula akiwa ndani?"

"Ndani, amewasha."

Alibana nepi kwa kibanio. Mama yake alikuwa ameegemea mlango, anasikiliza kwa shingo. Kila mtu alijua kwamba bado kulikuwa na swali moja, na kwamba halikuhusu waya.

"Na Wafula amesema nini juu yangu?"

"Amesema nikuambie hivi tu. Nilimwomba aishike ikiwa na stima. Alikataa."

Kicheko kilianza kumtoka Nekesa puani, akajaribu kukizuia, kikamshinda, mpaka mtoto mgongoni akaamka na kuanza kucheka bila kujua sababu. "Wafula," akasema akijifuta macho. "Na mikono yake yote miwili mikubwa hivyo."

Akageuka kwenye kamba. Alianza kuzitoa zile nepi alizoziweka sasa hivi, moja moja, zikiwa bado zinadondoka maji, akizitupia kwenye beseni.

"We Nekesa," mama yake akasema, "hizo hazijakauka."

"Najua, Mayi. Nitaanikia kwangu."

Alichukua mfuko mmoja tu kutoka chumbani. Beseni aliliweka kichwani, maji yakimtiririka shingoni, akatoka langoni. Barasa aliacha kusoma tangazo. Hawakusalimiana mbele yetu. Alimpokea beseni, naye Nekesa akamfuata hatua chache nyuma, akiongea, na kwa jinsi mgongo wa Barasa ulivyokuwa ukiinama nilijua kwamba ile kola ilikuwa imeonekana.

Mama Selina alisimama langoni mpaka walipopotea. Kisha akanigeukia.

"Na wewe? Unarudi Kitale?"

Nilifikiri juu ya Kitale. Njuguna alikuwa ameshapata mtu mwingine wa kushika ngazi. Nilikuwa nimemwona siku ninaondoka. "Sijui, Mama. Bungoma sijawahi kukaa."

"Bungoma kuna nini?" aliuliza, kana kwamba mimi ndiye ninayepaswa kujua.

"Ndiyo nataka kuona."

Akaguna. Akaingia ndani, akarudi na ufunguo uliofungwa kwenye kipande cha kanga. "Chumba alichokuwa analala Nekesa kiko wazi. Utafagia mwenyewe. Wageni wa kiume hawakai hapa baada ya taa kuzimwa, na wa kike hawaji kabisa."

Chumba kilikuwa na kitanda, dirisha dogo, na harufu ya sabuni ya mtoto. Nikaweka mfuko wangu wa turubai chini. Nilipoinua mkono kuelekea swichi iliyo kando ya mlango, Mama Selina alikohoa kutoka uani.

"Hiyo tumia upande wa kisigino cha kiatu," akasema. "Inauma kidogo, lakini ukiizoea si mbaya."

Nikavuta mkono. Nikamwomba mshumaa, na nikamwuliza mita iko wapi.